Kulala Mchana ni Sehemu ya Kazi: Mwongozo kwa Wauguzi na Wakunga wa Zamu za Usiku Uganda

Saa 10 alfajiri, wodini. Ndugu wa wagonjwa wamejilaza kwenye mikeka katikati ya vitanda, mtoto mmoja anakohoa, na wewe unausoma mstari uleule wa chati kwa mara ya tatu. Muuguzi yeyote anaijua saa hiyo, awe hospitali kuu ya Mulago, Kampala, awe Arua, awe kwenye kituo cha afya cha daraja la tatu huko Kasese anakokesha peke yake na tochi ya simu.

Nimekuwa mkunga na muuguzi kwa miaka kumi na minne, mingi kati ya hiyo huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Mwaka wangu wa tatu kazini, saa hiyohiyo, nilivuta jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, ya mtoto mchanga. Dozi aliyoandikiwa ilikuwa mililita 0.2. Kwenye bomba langu la sindano zilikuwamo mililita 2, kichupa kizima. Mwenzangu akalitazama bomba, akanishika mkono, akasema, "Sista, ngoja." Mtoto yule alipona kwa sababu usiku ule tulikuwa wawili. Usiku uliofuata nilipangwa peke yangu.

Kabla ya hapo nilikuwa nalala nikipata nafasi, baada ya kufua, kupika na kupokea wageni. Tangu hapo nimeuweka usingizi katika kundi la dawa: una kipimo chake, una saa zake, na ukirukwa lazima uandikwe kwamba umerukwa. Haya ninayoyaandika ndiyo ninayowafundisha wauguzi wapya wanaoanza zamu za usiku.

Fahamu unashindana na nini

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, kuna kundi dogo la seli linaloongoza saa ya mwili. Linapata habari za mwanga kupitia macho. Giza likiingia, homoni ya melatonini hupanda. Kati ya saa 9 usiku na saa 11 alfajiri joto la mwili hushuka hadi chini kabisa, na akili hushuka nalo. Karibu na kuamka, homoni nyingine, kotisoli, hupanda ili kuuandaa mwili kwa siku. Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kueleza jinsi jeni zinavyoiendesha saa hii ndani ya seli.

Saa hiyo haisomi ratiba iliyobandikwa kwenye ofisi ya msimamizi. Inasoma jua. Na sisi tunaoishi kwenye ikweta jua letu halina mchezo: linachomoza karibu saa 1 asubuhi mwaka mzima, na ukitoka zamu saa 2 linakupiga usoni na kuuambia ubongo kwamba siku ndiyo kwanza imeanza. Kwa hiyo usiku wa nne mara nyingi ni mgumu kuliko wa kwanza. Mwili haujahama, na deni la usingizi limeongezeka.

Deni hilo hulipwa na viungo vingine. Usiku mwili hauishughulikii sukari vizuri kama mchana. Utafiti mkubwa wa afya za wauguzi ulioanza Marekani mwaka 1976 ulionyesha kwamba wanawake waliofanya zamu za usiku za kupokezana kwa miaka mingi walipata zaidi kisukari cha aina ya pili na magonjwa ya moyo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, liliiweka kazi ya usiku katika kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani mwaka 2007, likathibitisha hivyo tena mwaka 2019. Usisome hayo ukaacha kazi. Kundi hilo linaeleza uzito wa ushahidi, si ukubwa wa hatari kwa mtu mmoja mmoja. Lakini usikubali pia kuambiwa kwamba uchovu wako ni uvivu.

Hatua ya 1: Andika wiki mbili

Chukua daftari la mazoezi la kawaida. Kila siku andika mambo manne: zamu uliyofanya, saa uliyolala, saa uliyoamka, na kilichokuamsha. Usijaribu kubadilisha chochote kwanza. Mimi nilipofanya hivi niligundua kwamba katika wiki ya usiku nilikuwa nalala saa nne na nusu kwa siku, huku nikiamini nalala sita. Na kilichokuwa kikiniamsha mara nyingi kuliko chochote kingine kilikuwa simu yangu mwenyewe.

Hatua ya 2: Lala kabla ya usiku wa kwanza

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Siku ya kuanza usiku tunaamka mapema kama kawaida, tunafanya kazi za nyumbani mchana kutwa, kisha saa 1 jioni tunapanda boda kwenda kazini. Piga hesabu. Aliyeamka saa 1 asubuhi bila kulala mchana, ikifika saa 6 usiku amekaa macho saa 17. Umakini wa mtu wa namna hiyo unakaribia ule wa mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Na bado ana saa nane za zamu mbele yake.

Kwa hiyo siku hiyo ingia kitandani saa 8 mchana, utoke saa 10 jioni. Usingizi usipokuja, lala tu macho yakiwa yamefumbwa, chumba kikiwa na giza. Ukiwa na mtoto mdogo, panga mapema nani atakaa naye saa hizo mbili, kama unavyopanga nani atakaa naye usiku.

Hatua ya 3: Usiku wenyewe

Kula chakula kikubwa kabla ya kutoka nyumbani. Sahani ya posho (ugali) na maharage saa 7 usiku itakulaza, na tumbo litalalamika hadi asubuhi. Beba ndizi mbivu, yai la kuchemsha, karanga, au uji kwenye chupa, ule kidogo kidogo. Maji unywe. Wenzangu Waislamu, katika Ramadhani, mna daku. Waambieni wenzenu wa zamu mapema ili mtu ashike wodi kwa dakika kumi na tano hizo.

Kahawa inafaa, na nchi yetu haina upungufu wake. Ila nusu ya kafeini bado imo mwilini saa tano au sita baada ya kikombe. Kinywe mwanzoni mwa zamu, cha mwisho kiwe saa 8 usiku, kama unataka kulala saa 3 asubuhi. Vinywaji vya chupa vya kuongeza nguvu vina kafeini pia, pamoja na sukari nyingi. Mairungi siyashauri hata kidogo. Nimeona wenzangu wakianza kuyatafuna ili wavuke wiki moja ya usiku, kisha wakashindwa kuvuka hata siku za ofu bila hayo.

Mkiwa wawili au zaidi, pokezaneni kulala dakika ishirini hadi thelathini, kati ya saa 7 na saa 9 usiku. Zisizidi, maana ukizama kwenye usingizi mzito utaamka na kichwa kizito zaidi. Baada ya kuamka nawa uso, tembea wodi nzima, na usiguse dawa kwa dakika kumi na tano. Najua wapo wasimamizi wanaomwandikia barua ya onyo muuguzi aliyekutwa amefumba macho. Ndiyo sababu jambo hili lisifanywe kwa kujificha. Lipelekeni kwenye kikao cha wodi, lipangwe waziwazi nani analala saa ngapi na nani anabaki na wagonjwa. Kulala kwa mpango kunalinda wagonjwa. Usingizi utakaomwiba mtu mwenye sindano mkononi hauna mpango.

Kisha kuna ile saa 10 alfajiri.

Dawa nyingi huangukia saa 12 alfajiri, yaani akili inaitwa kuhesabu mara tu baada ya kufika chini kabisa. Mimi hupiga hesabu zote za dozi za asubuhi saa 5 usiku, nikiwa bado mzima. Naandika: jina, uzito, miligramu, mililita. Sindano sivuti mapema, naandika hesabu tu. Saa ya kutoa dawa ikifika, nahesabu upya bila kutazama ile ya kwanza, kisha nalinganisha. Zikitofautiana, nasimama hapo hapo. Dawa za watoto wachanga, magnesiamu, insulini na oksitosini mwenzangu huzisoma kwa sauti kabla sijazigusa. Ukiwa peke yako, mpigie muuguzi wa wodi ya jirani na umsomee. Hakuna aliyewahi kunikasirikia kwa kumwamsha kwa sababu hiyo, na hata angekasirika ningempigia tena.

Sindano ni saa hizohizo zinapotuchoma. Usirudishe kifuniko kwenye sindano iliyotumika, na boksi la vyenye ncha kali liwe karibu na mkono, si mwisho wa korido. Ukichomeka, osha kwa maji na sabuni bila kukamua, toa taarifa, na anza dawa za kuzuia VVU mara moja. Zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Zinamezwa siku 28. Usisubiri zamu iishe. Usisubiri msimamizi aje.

Hatua ya 4: Njia ya kurudi nyumbani

Usiendeshe pikipiki yako mwenyewe baada ya usiku wa saa 12. Ukipanda boda, jua kwamba abiria aliyesinzia nyuma ya dereva huanguka pia. Ikiwezekana panda gari, au tembea na mwenzako. Ukiwa hauendeshi, vaa miwani ya jua au kofia pana ili kupunguza mwanga unaouamsha ubongo. Na usipitie sokoni. Ukianza kuchagua nyanya saa 2 na nusu asubuhi, utafika kitandani saa 5.

Hatua ya 5: Chumba, na watu wa chumba

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi wetu tunaishi katika chumba kimoja au viwili vya kupanga, chini ya mabati yasiyo na dari. Vitabu vya Ulaya vinasema chumba kiwe baridi na kimya. Saa 5 asubuhi, Arua, mwezi wa pili, mabati yanawaka.

Anza na joto. Kama mwenye nyumba hakubali kuweka dari, shona magunia mawili matatu au vipande vya turubai, uvitundike chini ya paa juu ya kitanda, ukiacha nafasi ya hewa katikati. Fungua madirisha alfajiri hewa ikiwa baridi (mwachie kazi hiyo aliye nyumbani), kisha yafungwe jua linapopanda upande wake. Mwaga maji kidogo sakafuni kama ni ya saruji. Oga maji ya uvuguvugu kabla ya kulala, ulale na kanga yenye unyevu. Hamisha kitanda mbali na ukuta unaopigwa na jua la asubuhi.

Kisha giza: kitenge kizito cha rangi nyeusi au blanketi kuukuu dirishani, lililobanwa kwa misumari pande zote, maana ufa mdogo wa mwanga unatosha kukusumbua. Kitambaa juu ya macho kinasaidia. Chandarua usikiache kwa kuwa ni mchana. Chumba chenye giza mchana ni kimbilio la mbu.

Kelele zina ngazi. Za nyumbani zinamalizwa kwa mazungumzo. Za jirani mwenye spika, mwendee mwenyewe siku ambayo hujachoka, ukiwa na salamu na maneno mazuri, umweleze kwamba wewe ni musawo, mhudumu wa afya, na wiki hii unakesha na wagonjwa, pengine hata wa kwake. Watu wengi hupunguza sauti. Asipopunguza, mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, yupo kwa ajili ya mambo kama hayo. Kwa kelele zinazobaki, pamba safi masikioni au feni inayovuma.

Simu: zima, au weka hali ya ukimya na uruhusu namba mbili tu, ya nyumbani na ya shule. Kundi la WhatsApp la wodi ndilo mwizi mkubwa. Mimi huwaandikia, "Nimetoka usiku, nitasoma saa 10 jioni," kisha nanyamaza.

Watu wa nyumbani ndio wagumu kuliko mabati. Mtu akikuona kitandani saa 4 asubuhi anaona mtu asiye na kazi. Mamamkwe wangu alipokuja kunitembelea mara ya kwanza alimuuliza mume wangu kama mimi ni mgonjwa. Sikukasirika. Jioni nilikaa naye, nikamwambia, "Mama, usiku wakati nyinyi mmelala nilizalisha wanawake wanne. Saa hizi ndio usiku wangu." Kesho yake alikaa mlangoni yeye mwenyewe, akiwafukuza watoto wa jirani. Usidhani watu wanajua. Waonyeshe ratiba, ibandike ukutani, chora duara kwenye siku za usiku. Watoto hata wa miaka minne wanaweza kufundishwa alama: kanga nyekundu ikitundikwa mlangoni, mama amekesha, sasa amelala. Na mume wako, au mke wako, mpe kazi inayotajwa kwa jina na saa: chakula cha mchana ni chako, mtoto akitoka shule ni wako. Ombi la "nisaidie kidogo" hupotea hewani.

Lenga saa saba ndani ya saa ishirini na nne. Zisipopatikana kwa mkupuo, gawanya: saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana, kisha saa 10 jioni hadi saa 12. Kugawanya si kushindwa.

Dawa za usingizi: usichukue diazepamu kwenye kabati la wodi, wala usijizoeze kumeza dawa za mafua zinazolewesha. Ulevi wake hubaki hadi zamu inayofuata, na mwili huzizoea upesi.

Hatua ya 6: Kutoka usiku

Asubuhi ya mwisho lala kidogo tu, saa mbili au tatu, kisha uamke, utoke juani, ule na wenzako, ulale mapema usiku. Siku hiyo usiifanyie hesabu ya kazi nyingine. Najua mishahara yetu, najua wangapi kati yetu tunashika zamu kwenye kliniki binafsi ili karo ipatikane. Kama huna budi, basi kliniki ifuate zamu za asubuhi. Kamwe isifuate usiku.

Hatua ya 7: Zungumzeni kuhusu ratiba

Mtu anaweza kufuata yote hayo, na ratiba mbaya ikayabomoa ndani ya wiki moja. Katika miaka yangu yote sijamsikia muuguzi akisema anaichukia kazi kwa sababu ya wagonjwa. Nimewasikia wakisema hawawezi kuahidi kuhudhuria mazishi, harusi, ubatizo wa mtoto wao, kwa sababu ratiba ya Jumatatu inabandikwa Jumapili jioni. Kinachoimaliza roho ya muuguzi haraka ni kutojua kesho.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inaweka saa 48 kwa wiki kuwa kikomo cha kawaida. Kwa kazi za zamu inaruhusu kuzidi, mradi wastani wa wiki tatu usipite saa 10 kwa siku au saa 56 kwa wiki. Inataka pia mapumziko ya saa 24 mfululizo baada ya siku sita za kazi. Sasa hesabu usiku saba mfululizo wa saa 12: ni saa 84. Bila ofu ya kutosha kufuata, wastani huo unapitwa, na usiku wa saba wenyewe tayari umezidi zile siku sita.

Nendeni kwa msimamizi mkiwa kundi, si mmoja mmoja, na mpeleke ratiba mliyoichora tayari. Ombeni mambo machache. Ratiba itoke wiki mbili kabla. Zamu zisonge mbele kama jua: asubuhi, kisha jioni, kisha usiku, kisha ofu, maana mwili huchelewa kulala kwa urahisi kuliko unavyowahi. Kati ya zamu na zamu zipite angalau saa 11. Usiku usizidi mitatu au minne mfululizo pale idadi ya watu inaporuhusu. Kubadilishana zamu kuruhusiwe kwa maandishi. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji fedha mpya. Upungufu wa watu ni kweli na hamtaumaliza nyinyi, lakini watu wachache wanaweza kupangwa vibaya au vizuri. Msimamizi akikataa, chama cha wauguzi na wakunga kina viongozi wa tawi. Nendeni na daftari zenu.

Wakati wa kutafuta msaada

Ukishindwa kulala hata siku za ofu, kwa miezi mitatu, hilo ni tatizo la kutibiwa. Vivyo hivyo ukisinzia ukiwa umesimama, ukipata mapigo ya moyo ya ajabu, kiu isiyoisha, hedhi iliyovurugika, au ukianza kuwakemea wagonjwa kwa namna usiyojitambua. Ukiwa mjamzito, omba mapema uondolewe usiku. Utafiti uliotoka Denmark mwaka 2019 ulionyesha kwamba baada ya wiki ya nane, zamu mbili au zaidi za usiku ndani ya wiki moja ziliambatana na uwezekano mkubwa zaidi wa mimba kuharibika wiki iliyofuata. Peleka barua, ubaki na nakala.

Pima presha na sukari angalau mara moja kwa mwaka. Na usipime saa 2 asubuhi ukitoka zamu, kama tunavyofanya wengi kwa kuwa mashine iko karibu. Mwili uliokesha unaweza kukupa namba zisizo zako. Nenda siku ya pili ya ofu, ukiwa umelala usiku kucha, ukae kimya dakika tano kabla ya kufungwa kitambaa mkononi, na umwambie anayekupima unafanya zamu gani.